Thika, Ruiru na jina la kuazima

Huko Japani mji wa Takayama huitwa "Kyoto ndogo", kwa kufanana na Kyoto, makao ya wafalme hadi karne ya 19. Nasi tuna Thika, iliyobandikwa "Birmingham ya Kenya" kwa wingi wa viwanda. Lakini baadhi ya viwanda vya nguo vilipofungwa miaka ya 1990, jina la kuazima halikumlisha mfanyakazi.

Jirani yake Ruiru imesifika kwa jina lake yenyewe. Mwaka wa 1985 kituo chake cha utafiti kilitoa kahawa inayostahimili kutu ya majani na ugonjwa wa matunda, ikaitwa Ruiru 11. Leo mashamba mengi ya kahawa huko yamegeuka mitaa, Tatu City ikiwemo. Ukipita Ruiru na wanao, waonyeshe mibuni iliyobaki, wajue mji huo ulipata wapi sifa.