Ute si uchafu

Miongoni mwa maneno yanayotumika katika mazungumzo ya afya, lipo moja ambalo ningependa walimu wenzangu waliondoe madarasani. Neno lenyewe ni "uchafu". Aghalabu mwanamke anapomweleza mhudumu wa afya hali yake, husema, au huambiwa, kwamba "anatokwa na uchafu ukeni". Uwe ni ute wa kawaida wa kila mwezi au dalili ya maradhi, jina ni lile lile. Na uchafu, kama ajuavyo kila mtoto aliyelelewa vyema, dawa yake ni kuoshwa.

Hapo ndipo penye madhara. Uke wenye afya hauhitaji kuoshwa ndani. Humo huishi bakteria wema waitwao laktobasili, ambao hutengeneza asidi ya laktiki na kuupa uke uchachu unaowazuia bakteria wengine kuzidi. Sabuni, ndimu na dawa za kuulia viini huvuruga ulinzi huo. Laktobasili wakipungua, wengine, akiwemo yule aitwaye Gardnerella, huongezeka. Ndipo mwanamke aonapo ute mwembamba wa kijivu wenye harufu kama ya samaki, ingawa wengi hawaoni dalili yoyote. Naye, maadamu amefunzwa kwamba huo ni uchafu, huongeza sabuni.

Matabibu wenyewe walilazimika kulirekebisha jina la hali hii. Herman Gardner na Charles Dukes walipoieleza nchini Marekani mwaka 1955, waliihesabu kuwa vajinaitisi. Kiishio hicho cha "-itisi" huashiria uvimbe na wekundu, mambo ambayo kwa kawaida hayapo hapa. Katika miaka ya 1980 likashika jina la vajinosisi ya kibakteria. Ikiwa wao walibadili silabi mbili kwa ajili ya ukweli, sisi twashindwaje kubadili neno moja?

Kwetu Kabras mambo haya yamefunikwa kwa soni. Hata neno "uke", ambalo kwa Kiswahili ni pia hali ya kuwa mwanamke, likitajwa darasani wanafunzi huinamisha vichwa au hucheka. Nilipozungumza na wasichana wa shule moja karibu na Malava, swali lililoletwa kwa kikaratasi kisicho na jina lilikuwa la harufu isiyokoma licha ya kuoga mara tatu kwa siku. Kati ya maswali yote ya siku ile, mengi yakiwa ya ngeli na mitihani, hilo ndilo lililonishughulisha zaidi.

Wala mtu asidhani kwamba ni suala la harufu tu. Vajinosisi kwa mama mjamzito huambatana na hatari ya kujifungua kabla ya wakati. Aidha, humrahisishia mwanamke kuambukizwa virusi vya UKIMWI. Huko Mombasa, watafiti waliwafuatilia wanawake waliofanya biashara ya ngono kwa muda wa miaka kumi, na matokeo yakachapishwa mwaka 2006: waliojiosha ndani ya uke, hata kwa maji matupu, waliambukizwa virusi hivyo zaidi ya wasiojiosha.

Tiba ipo, nayo si ghali. Vidonge vya metronidazoli, ambavyo kwa kawaida humezwa kwa siku 7, hutolewa hospitalini. Lakini msichana asijinunulie dukani kwa kubahatisha, kwani fangasi na magonjwa ya zinaa nayo hubadilisha ute, na kila moja lina dawa yake. Sehemu ya nje ioshwe kwa maji; ya ndani iachwe.

Tatizo ni kwamba vajinosisi hupenda kurudi, na hapo lawama zote humwangukia mwanamke, eti hajitunzi. Utafiti wa Australia uliochapishwa mwaka 2025 umeonyesha kwamba mwenzi wa kiume akitibiwa pamoja naye, kwa vidonge na dawa ya kupaka, ugonjwa hurudi mara chache zaidi. Kwa hiyo hata lile jina jingine tulilozoea, "ugonjwa wa kike", linahitaji kuangaliwa upya, na wavulana wasitolewe nje somo hili linapofundishwa.