MBELE YA KUGUSA PROGRAMU YA KADRE, TUNZA PICHA



Munaijua ile kadre ya picha yenye kuwaka, yenye iko ku mulango wa biro ya masomo. Haiko kadre ya mbao na kioo kama zile za wazee wetu. Ndani yake picha zinapita moja moja, na mara video inacheza: korali inaimba, wafinaliste wanatoka mu egzeta, timu yetu inacheza mupira. Lakini kwa majuma matatu kadre ilisimama paka pa picha moja, ile ya vyoo vipya. Kila mugeni mwenye kuingia ku biro aliona paka vyoo. Tulicheka sana. Halafu wengine wakasema: «Programu imezeeka. Tuweke ingine leo leo.» Mimi nikawaomba wangoje kwanza. Leo ninataka kuwaelezea sababu gani, na namna gani ile kadre ilipona bila kugusa programu yake hata kidogo.

A. KADRE HII NI KITU GANI?

Ni ordinateri ndogo yenye kufichwa nyuma ya kioo. Iko na vitu vitatu. Cha kwanza ni kioo chenye kuonyesha. Cha pili ni akili yake, ni kusema kipande kidogo chenye kuhesabu na kufungua picha. Cha tatu ni kumbukumbu, pahali pa kutunza. Na hapo njo watu wengi wanakosea, kwa sababu kumbukumbu ya ndani inatunza mambo mawili pamoja: picha zetu, na programu. Programu ni maagizo yenye kuambia mashini: washa kioo, soma kadi, onyesha picha hii, ngoja sekunde kumi, onyesha ingine. Bila maagizo hayo, kadre ni kioo cheusi tu.

Kumbukumbu hiyo haisahau hata umeme ukikatika. Lakini iko na desturi moja: haiandiki juu ya maandiko ya zamani. Lazima ifute kwanza kipande kizima, kiisha iandike upya, sawa vile mwalimu anafuta ubao mbele ya kuandika somo lingine. Sasa, kama umeme unakatika wakati ubao umefutwa na somo jipya halijaisha kuandikwa, mashini inabaki na nusu ya maagizo. Ukiiwasha tena, haijui ianze wapi. Mashini zingine ziko na ubao mbili, na wa zamani haufutwi mbele ya ule mupya kuwa tayari. Lakini usitumainie kama yako iko vile.

B. MAMBO YALIYOTUPATA KU NYUMBA

Mu mwaka 2022 baba mudogo wetu, mwenye eko Ubelgiji, alitutumia kadre moja. Aliijaza picha zaidi ya mia mbili: harusi, ubatizo, na zile za babu, mwenye alifanya kazi mu Union Minière, kiisha mu Gécamines. Lakini kitu kikubwa kilikuwa video moja ya dakika tatu. Babu ameketi inje, kule Katuba, anaombea wajukuu wake kwa majina, mumoja mumoja. Babu alilala mu mwaka 2023. Toka siku ile, kila jioni mama alikuwa anangojea ile video ipite.

Siku moja kadre iliandika ku kioo kwamba programu mupya iko tayari. Kaka yangu akasema: «Paka dakika mbili.» Akafinya «ndiyo». Ule mustari wenye kupima kazi ulipita nusu, na umeme ukakatika. Asubuhi umeme ulirudi, kadre haikurudi. Fundi mumoja aliihangaikia siku mbili, akaiwakisha, lakini kumbukumbu yote ilikuwa imefutwa.

Picha zilirudi, kwa sababu baba mudogo alizitunza mu ordinateri yake. Video haikurudi. Ilichukuliwa na telefone yenye iliibiwa, na kutoka mule ilitumwa moja kwa moja ku kadre. Kulibaki paka kipande cha sekunde makumi ine mu telefone ya shangazi yetu ku Kipushi. Mu kipande hicho babu anafika pa jina la mujukuu wa tatu. Mimi ni wa tano.

Ku ukuta ule ule tuko na picha ya karatasi ya babu akiwa kijana. Nyuma yake wameandika: Elisabethville 1958. Ile haijaomba programu mupya hata siku moja. Sisemi turudi nyuma, kwa sababu karatasi haina sauti. Ninasema kwamba kitu chenye kubeba sauti ya mutu kinaomba uangalifu kuliko karatasi.

C. TAFUTA UGONJWA KWANZA

Mbele ya kusema «ni programu», ulizeni maulizo haya mane, moja nyuma ya ingine.

1. Umeme uko sawa? Nyuma ya kadre wameandika volti ngapi, mara nyingi 5 ao 12, na ampere ngapi. Chaja lazima itoe volti zile zile kabisa. Ampere zikipita haiko mubaya. Zikipunguka njo mubaya. Kadre yenye kuwaka na kuzima yenyewe mara nyingi inalia njaa ya umeme. Tena mu muji wetu ile 220 volti mara inashuka, mara inapanda. Mwenye kuweza aweke regulatere.

2. Kadi iko nzima? Zima kadre, tosha kadi, panguza vumbi na kitambaa kikavu, rudisha. Kiisha peleka kadi ku ordinateri. Kama hata ordinateri inashindwa kuisoma, ugonjwa uko mu kadi. Angalia tena namna kadi ilivyopangwa ndani. Kadre nyingi za zamani zinajua paka mupango wenye kuitwa FAT32, na mu mupango huo fishie moja haiwezi kufika jigabaiti 4. Kadi zenye kupita jigabaiti 32 zinauzwa na mupango mwingine, exFAT, na kadre ya zamani inaweza kuzikataa. Haiko mbovu; haijui tu luga ile.

3. Picha na video zenyewe ni za namna gani? Hapa angalieni sana. Jina la fishie ni sawa maandiko ku mufuko. Mifuko miwili imeandikwa «unga», lakini mu mumoja muko unga wa mahindi, mu mwingine muko wa muhogo. Vilevile fishie mbili zinaitwa MP4, lakini ndani video moja imefungwa kwa namna ya H.264, ingine kwa namna ya H.265, yenye ni mupya na inakamata pahali kidogo. Kadre ya zamani inafungua ile ya kwanza. Ya pili inaishinda. Ku picha ni vile vile: toka mwaka 2017 telefone za iPhone zinaweza kutunza picha kwa namna ya HEIC, na kadre nyingi zinajua paka JPEG.

Na huu njo ulikuwa ugonjwa wa kadre ya masomo. Picha ya vyoo haikuwa na kosa. Fishie yenye kuifuata ilikuwa video ya korali, yenye mutu alichukua na telefone mupya, ni kusema H.265. Kadre ilijaribu kuifungua, ikashindwa, ikabaki pale. Tuliitosha, tukaigeuza kuwa H.264 mu ordinateri ya masomo, tukairudisha. Korali ikaimba, na vyoo vikapita.

4. Tarehe ni ya kweli? Wandugu, hili ulizo linadharauliwa, lakini linaponya mingi. Kadre yetu ilikuwa inakataa tena kupokea picha kwa njia ya intaneti. Tukaangalia tarehe: iliandika mwaka 2015. Kadre yenye haina betri ya kutunza saa inasahau siku kila umeme ukikatika. Sasa, ku intaneti mashini ya mbali inaonyesha cheti, sawa vile mutu anaonyesha karata yake ya kitambulisho. Cheti kiko na siku ya kuanza na siku ya kuisha. Kadre yenye kufikiri tuko mu 2015 inaona cheti cha leo hakijaanza, na inafunga mulango. Tuliandika tarehe ya kweli, mulango ukafunguka. Na mukipanga saa, chagueni saa ya Lubumbashi, si ya Kinshasa, kwa sababu Kinshasa iko nyuma yetu kwa saa moja.

D. NI WAKATI GANI PROGRAMU MUPYA INAHITAJIWA?

Sisemi kwamba kuweka programu mupya, kile wafundi wanaita «mise à jour», ni kitu kibaya. Kuna sababu tatu za kweli. Ya kwanza: watu wenye kutengeneza kadre wanaandika wazi kwamba programu ile inaponya kosa lile lile lenye unaona. Ya pili: vile vyeti vya intaneti vimezeeka ndani ya mashini. Siku ya 30 mwezi wa 9 mwaka 2021, cheti kimoja kikubwa chenye kutumiwa mu dunia nzima kilifika mwisho wake, na mashini nyingi za zamani zenye hazikupata programu mupya zikashindwa kufungua milango mingi ya intaneti. Ya tatu: wameona tundu lenye wezi wanaweza kupitia, na kadre yako iko ku intaneti. Kama hakuna sababu mu hizi tatu, na kadre inafanya kazi muzuri, uiache.

Na programu itoke wapi? Paka kwa wale waliotengeneza kadre, na kwa namba ile ile yenye kuandikwa nyuma yake. Herufi moja ikibadilika, inaweza kuwa programu ya mashini ingine kabisa. Mwanzo wa mwaka 2008, mu Marekani, duka kubwa la Best Buy lilitangaza kwamba kadre zingine za Insignia za inchi 10.4 zilitoka kiwandani na virusi ndani. Mutu akifunga kadre ku ordinateri yake, virusi inaweza kupanda mule. Basi, kama kadre mupya ya duka iliweza kubeba virusi, kle ya USB ya rafiki itashindwa?

E. NAMNA YA KUFANYA

1. Tunza picha zote na video zote pahali pawili, inje ya kadre. Zifungue kule, uone na macho kama zinacheza mupaka mwisho. Kutunza bila kuangalia ni kujidanganya.

2. Andika ku karatasi namba ya kadre na namba ya programu yenye iko ndani sasa.

3. Tafuta kadi ao kle ndogo, tupu, yenye mupango ambao maelezo ya kadre yanaomba, mara nyingi FAT32. Weka fishie ya programu bila kubadilisha jina lake, na bila kuifungia mu folda, kama maelezo hayasemi vingine.

4. Linganisha uzito wa fishie na ule wenye kuandikwa pale ulipoichukua. Intaneti ikikatika njiani, fishie inafika nusu.

5. Umeme! Usifanye kazi hii saa za umeme kukatika-katika, wala wakati wa mvua na radi, zenye sisi wa Lubumbashi tunazijua. Funga kadre ku onduleri, ao ku betri ya sola yenye kujaa. Mu Injili tunasoma habari za wale wanawali kumi: wote walikuwa na taa, lakini watano tu walibeba mafuta ya akiba. Taa ni kadre. Onduleri ni mafuta.

6. Kazi ikianza, usifinye kitu, usitoshe kadi, usitikise waya. Ngoja kadre ijizime na ijiwashe yenyewe. Kiisha andika tarehe, rudisha picha.

7. Ikikwama, ngoja sana mbele ya kuitosha ku umeme. Kama haikuamka, jaribu tena na kadi ile ile ya programu. Kale katundu kadogo kenye kufinywa na sindano, kawe dawa ya mwisho, kwa sababu ku kadre nyingi kanarudisha mashini sawa ilivyotoka kiwandani, na picha zinaenda nayo. Ukienda kwa fundi, umwambie ukweli wa yote uliyofanya. Tena umwambie kama picha zimetunzwa ao hapana, mbele hajagusa kitu.

F. OMBI LANGU

Kadre ya masomo iko na picha za wafinaliste wenye wamekwisha kutawanyika, na za mwalimu mumoja mwenye hatuko naye tena. Ninaomba delege wa kila darasa, kila siku ya tano, asaidie kutunza picha mupya mu kle mbili: moja ikae mu biro, ingine kwa Muchungaji wetu. Si mu meza moja, kwa sababu mwizi mumoja anaweza kuchukua zote mbili.

Na leo mukirudi ku nyumba, muulize: sauti ya wazee wetu iko mu chombo gani? Kama jibu ni chombo kimoja tu, musilale mbele ya kuitia mu cha pili.

Mungu awalinde.

Mwanafunzi wa mwaka wa tatu, sehemu ya sayansi