Pumu Inayoletwa na Mavumbi, na Namna ya Kuitawala

Katika seminari zetu na katika parokia nyingi wako watu ambao, wenzao wakilala, wao huketi kitandani na kutafuta pumzi. Kifua chapiga mluzi, kikohozi hakiishi, na asubuhi kengele ikilia hawana nguvu ya kuamka. Mara wakubwa wao husema: ni mvivu. Mara jamaa husema: amelogwa. Na mara nyingi mgonjwa mwenyewe hunyamaza, kwa hofu asije akarudishwa kwao. Ugonjwa huu ni pumu, nao wengi kwetu huuita kwa Kifaransa asthme. Wandugu wasomaji, nataka kueleza hasa jambo moja: pumu haitunzwi siku ya shambulio tu, hutunzwa siku zile mgonjwa anapojiona mzima.

1. Pumu ni nini?

Pumzi hupita katika mirija iliyo ndani ya kifua, inayogawanyika kama matawi ya mti. Kwa mwenye pumu, ngozi ya ndani ya mirija hiyo mara nyingi imevimba kidogo, hata siku asiposikia taabu yo yote. Akikutana na kitu kinachomchokoza, mambo matatu hutokea pamoja: ngozi yavimba zaidi, misuli inayozunguka mirija yajikaza, na ute mzito waziba njia iliyobaki. Basi hewa huingia kwa shida, na kutoka kwa shida zaidi. Ndiyo sababu ya ule mluzi.

Pumu haiambukizi. Kula pamoja na mgonjwa, au kulala karibu naye, hakuleti hatari. Lakini si kila kikohozi ni pumu: anayekohoa majuma mawili au zaidi sherti apimwe kwanza kifua kikuu.

2. Alerji ni nini?

Neno hili lilitungwa mwaka wa 1906 na munganga Clemens von Pirquet wa Vienna. Kabla ya kusoma uganga, mtu huyu alikuwa amesoma teolojia kule Innsbruck na filosofia kule Louvain. Alichukua maneno mawili ya Kigriki: allos, maana yake «ingine», na ergon, maana yake «kazi». Mwili watenda kazi kwa namna ingine kuliko ilivyotazamiwa.

Mwili wetu una walinzi wanaopigana na vijidudu vya magonjwa. Kwa mwenye alerji walinzi hao hukosea adui. Mavumbi ya nyumba, ambayo hayamdhuru jirani yake, wao huyaona kuwa adui na kuyapiga vita. Kila mara mtu akiyavuta tena, vita vyaanza upya, na mahali pa vita ni mirija ile ya pumzi. Mwelekeo huu mara nyingi umo katika jamaa: mzazi ana pumu, mtoto naye. Wengine huliona jambo hili wakasema kwamba nyanya ameroga ukoo wake. La, ni urithi tu, kama sura na kimo.

3. Adui yumo kitandani

Katika miaka ya 1960 wanganga wa Leiden, kule Uholanzi, walionyesha kwamba katika mavumbi ya nyumba ubaya mkubwa watoka kwa vidudu vidogo sana, urefu wao kama theluthi ya milimetri. Macho hayavioni. Hukaa ndani ya matela, mito na bulangeti. Chakula chao ni magamba ya ngozi yetu, nao hupenda unyevu. Mavi yao ndiyo tunayoyavuta usiku kucha.

Wako na adui wengine: mavi ya mende, ngozi na mate ya paka, ukungu wa kuta zenye maji, unga wa maua. Moshi, baridi na manukato makali si alerji kwa kweli, lakini huichokoza mirija iliyokwisha kuvimba. Ndiyo maana kule Katanga wengi huona taabu wakati wa kipwa, mavumbi yanapojaa njiani na pori linapoungua.

Mgonjwa na aandike kwa mwezi mmoja: taabu ilianza saa gani, mahali gani, baada ya kazi gani. Hivi atamjua adui wake mwenyewe, maana si wote wenye adui mmoja.

4. Kazi ya nyumbani

Mashuka na foronya zifuliwe kila juma kwa maji moto sana (digri 60 huua vidudu vile). Matela na bulangeti ziwekwe juani mara nyingi. Asilale juu ya godoro la majani makuukuu. Chumba kipanguswe kwa kitambaa chenye maji, si kwa fagio kavu lirushalo mavumbi. Na mwenye pumu apewe kazi ingine kuliko kufagia dortwari au kupanga vitabu vya zamani. Chakula kisiachwe wazi, mende wasije. Paka asilale chumbani. Paa linalovuja litengenezwe. Mbabula ya makala isiwashwe ndani ya nyumba iliyofungwa: yamchokoza mwenye pumu, na hewa yake yaweza kumwua hata mtu mzima wa afya.

Kufanya moja tu ya mambo haya hakutoshi, yafanywe pamoja. Wala yote pamoja hayashiki mahali pa dawa.

5. Dawa mbili, kazi mbili

Pompi ya salbutamol hulegeza misuli kwa dakika chache, na taabu yapungua. Lakini uvimbe wabaki. Pompi ya pili, kama beclometasone au budesonide, hutuliza uvimbe wenyewe. Nayo hutumiwa kama munganga alivyoagiza, mara nyingi kila siku, hata mgonjwa akijisikia vema. Baada yake asukutue kinywa kwa maji na kuyatema.

Hapa ndipo wengi hupotea. Mseminari hununua salbutamol sokoni, aona nafuu, aridhika, huku moto waendelea kuwaka chini ya majivu. Tangu mwaka wa 2019 mashauri ya wanganga wa dunia yasema wazi: kijana na mtu mzima wenye pumu wasitunzwe kwa salbutamol peke yake. Anayeitafuta zaidi ya mara mbili kwa juma, au anayeamka usiku kwa sababu ya kifua, arudi kwa munganga.

6. Saa ya shambulio

Mketishe mgonjwa wima, usimlaze. Ondoa watu na moshi. Kama hana nguvu ya kuvuta pompi vema, chukua chupa ya plastiki ya nusu lita, safi na kavu. Toboa chini yake tundu la kuingiza kinywa cha pompi, na mgonjwa aweke mdomo wake kwenye shingo ya chupa. Mwaka wa 1999 wanganga wa Cape Town walionyesha kwamba chupa hiyo yafaa watoto kama chombo cha kununua. Tikisa pompi, piga mara moja, avute pumzi mara nne. Fanya hivyo mpaka mapigo manne. Ngoja dakika nne, urudie ikiwa hakuna nafuu, na papo hapo tafuta njia ya hospitali.

Kama hawezi kumaliza sentensi, midomo yageuka rangi ya buluu, asinzia, au mluzi wakoma bila nafuu, usingoje kitu cho chote. Kifua kilichonyamaza namna hii si dalili ya kupona. Sala ifanywe njiani, si badala ya safari.

7. Neno kwa mapadri na walimu

Ubani ni moshi. Kitabu cha Misa charuhusu kuutumia; hakilazimishi kila mara. Mwenye pumu asibebe chetezo, akae karibu na mlango, na makala ipewe ubani kidogo. Tena Sheria ya Kanisa, kanuni 919, yasema kwamba maji na dawa havivunji funga ya saa moja kabla ya Komunyo. Basi hakuna sababu ya kuacha pompi asubuhi, wala katika Kwaresima: kujinyima dawa si kitubio.

Na wakubwa wa seminari? Kanuni 241 yataka afya ya mwili iangaliwe kwa wanaopokelewa seminari kubwa. Ni haki. Lakini afya huangaliwa kwa munganga, si kwa kusikia mtu akikohoa usiku mmoja. Wengi wenye pumu iliyotawaliwa hulala vema, husoma, hulima, hupanda milima ya misioni. Kijana akijua kwamba atatunzwa, atasema mapema. Akiogopa kufukuzwa, ataificha pompi chini ya mto, juu ya matela yale yale yanayomwua.