Kumchokoza Nyoka Nyuma ya Kioo

Atokaye Arusha mjini kwa njia ya Makuyuni hufika Meserani, penye bustani ya nyoka. Humo huonekana koboko, swila na kifutu nyuma ya vioo. Mamba nao wana boma lao.

Wako wageni wagongao kioo ili nyoka ainuke. Kwao ni mchezo, bali kwa nyoka si mchezo. Yeye hana tundu la sikio. Mtikisiko huupokea kwa mwili wake, na kwake ni habari ya adui. Huenda akakipiga kioo kwa kinywa, akajiumiza bure.

Tena kizuizi hufanya nusu ya kazi. Nusu ya pili ni ya mgeni. Boma la mamba, hata likiwa imara, halimkingi aliyeliegemea na kunyoosha mkono ndani. Mamba hutulia kama gogo, kisha huruka ghafula.

Lakini hatari iliyo kubwa zaidi ni mazoea. Mtoto aliyezoea kugonga kioo atamkuta kifutu katika shamba la maharagwe chini ya Mlima Meru, naye atamchokoa kwa fimbo. Hapo hapana kioo. Kifutu hakimbii upesi. Hutegemea rangi yake ifananayo na majani makavu, na akichokozwa huuma kufumba na kufumbua.

Basi, tutazame kwa macho, mikono ikae mbali. Ukimwona nyoka shambani, simama, rudi polepole, umwachie njia. Mtu akiumwa, msimchanje wala msifyonze jeraha. Atulizwe, kiungo kisitikisike, apelekwe hospitali mara moja.