Kupandikiza miche au kupanda mbegu papo hapo? Mizizi ndiyo yenye kauli

KILA mvua ya masika inapokaribia, wakulima wa mboga katika maeneo mengi ya Kenya hukabiliwa na uamuzi ambao kwa macho huonekana mdogo, ilhali aghalabu ndio unaoamua iwapo msimu utawalipa au utawatia hasara. Je, mbegu ioteshwe kwanza kitaluni na mche uhamishwe baadaye, au itiwe tangu siku ya kwanza mahali ambapo mmea utamalizia maisha yake?

Suala hili haliwahusu wenye mashamba pekee. Mkazi wa mtaa wa mabanda mwenye gunia moja la udongo mlangoni, na mpangaji wa ghorofani mwenye ndoo tatu kuukuu kwenye roshani, nao hulazimika kuchagua. Tofauti ni kwamba mwenye ekari mbili akikosea hupoteza fedha, naye mwenye ndoo tatu akikosea hupoteza mboga zote alizotarajia.

Ushauri unaotolewa vijijini huwa wa jumla mno. Wapo wanaoshikilia kwamba mche wa kitalu ni bora siku zote kwa kuwa umelelewa, na wapo wanaodai kwamba kung'oa mmea ni kuujeruhi. Kila upande una ukweli wake, ila kila mmoja unazungumzia mimea tofauti bila kutambua.

Ili kuelewa, ni vyema kuanza na yale yanayotokea mche unapong'olewa. Mmea hunywa maji hasa kupitia vinywele vyembamba vilivyo karibu na ncha za mizizi. Vinywele hivyo hushikamana na chembechembe za udongo, na mche ukivutwa, sehemu kubwa yake hukatika na kubaki ardhini. Majani, kwa upande wake, hayajui kwamba mizizi imekatwa. Huendelea kupoteza maji hewani kama kawaida. Ndiyo sababu mche uliopandikizwa saa sita mchana hulala chini kabla ya jioni, hata kama udongo umeloa chepechepe. Hukosa midomo ya kunywea.

Kutoka hapo mmea husitisha ukuaji hadi utakapoota mizizi mipya. Kipindi hicho chaweza kuwa siku chache au hata wiki mbili, kutegemea aina ya mmea, umri wake na uangalifu wa mwenye kuupandikiza.

Tofauti baina ya mmea na mmea ndiyo kiini cha jambo hili. Mwaka 1925, mtafiti W. E. Loomis wa Chuo Kikuu cha Cornell nchini Marekani alichapisha uchunguzi wake kuhusu upandikizaji wa mboga, na hitimisho lake lingali linafundishwa. Kabichi na nyanya huota mizizi mipya upesi baada ya kujeruhiwa, na hivyo hustahimili kuhamishwa. Mahindi, maharagwe na jamii ya matango huchelewa mno kufanya hivyo.

Hii ndiyo sababu sukuma wiki, kabichi, nyanya, biringanya, pilipili na vitunguu vimekuwa mazao ya kitalu tangu jadi. Miche ya kabichi na nyanya huwa tayari kuhamishwa ikiwa na umri wa wiki nne hadi sita. Vitunguu huhitaji wiki sita hadi nane, mpaka shina likaribie unene wa penseli. Mbegu za mazao haya ni ndogo, na zile chotara huuzwa ghali, nyingine kwa kuhesabiwa moja moja. Kuzimwaga shambani kisha kung'oa zilizosongamana ni sawa na kutupa fedha. Aidha, ni rahisi kumwagilia na kulinda kitalu cha mita moja kwa tatu kuliko robo ekari nzima.

Mbali na mizizi, kuna saa ya mmea. Baadhi ya mimea ina muda wa kutosha wa kupona, mingine haina. Sukuma wiki huchumwa kwa miezi mingi. Ikipoteza siku kumi mwanzoni, mkulima hatahisi pengo hilo. Dhania ni kinyume chake. Huvunwa ikiwa na umri wa wiki sita au saba, ina mzizi mkuu mmoja unaoshuka wima, na ikisumbuliwa hukimbilia kutoa maua badala ya majani. Mtu anayenunua miche ya dhania ili akaipandikize ananunua matatizo. Mbegu zake zitiwe moja kwa moja pale zitakapovunwa, basi.

Hata ndani ya zao moja hali yaweza kutofautiana. Nyanya fupi kama Cal J na Rio Grande hukua hadi kimo fulani, kisha huacha kurefuka na kuzaa matunda yake karibu kwa mkupuo. Nyanya ndefu za kukwezwa kwa kamba, kama vile Anna F1 inayopendwa katika vivungulio, huendelea kurefuka na kuzaa kwa miezi. Zote mbili zaweza kupandikizwa. Lakini mche wa nyanya fupi uliozeeka kitaluni, pengine tayari una maua, ukihamishwa hubaki kibeti na kuzaa matunda machache, kwa kuwa haukupata nafasi ya kujenga majani kabla ya muda wake wa kuzaa kufika. Nyanya ndefu huweza kufidia baadaye. Koliflawa ni nyepesi kuudhika zaidi: mche uliochelewa kitaluni huweza kufunga kichwa kidogo mithili ya kifungo cha koti, na mbolea ya baadaye haikikuzi.

Kwa hivyo, anayenunua miche hapaswi kuvutiwa na ukubwa wake. Mche mrefu wenye shina jembamba na mizizi iliyojizungusha ndani ya trei umekaa humo kupita kiasi. Mche mfupi, mnene na wenye majani manne au matano una thamani zaidi, ingawa sokoni mnunuzi asiyejua huupita.

Mazao ambayo mzizi wenyewe ndio chakula hayana mjadala mrefu. Karoti ikipandikizwa ncha ya mzizi hukatika au kujikunja, na kinachovunwa ni kitu chenye miguu miwili au mitatu ambacho mchuuzi hatakipokea. Figili ni vivyo hivyo.

Matikitimaji, matango na malenge yako katikati. Mizizi yake haipendi kuguswa, lakini mbegu chotara za matikiti ni ghali na panya huzifukua. Wakulima wengi hupanda moja kwa moja shambani, na ndiyo njia salama kwa asiye na uzoefu. Anayetaka kuanza kitaluni anapaswa kuotesha kila mbegu katika mfuko au kikombe chake, na kuhamisha mche ukiwa na umri wa wiki mbili hadi tatu pamoja na udongo wake wote, bila kuutikisa. Vikombe vya kukunja kwa karatasi ya gazeti hufaa sana kwa kazi hii kwani huzikwa pamoja na mche na kuozea ardhini. (Gazeti, bila shaka, liwe limekwisha kusomwa.) Maganda makavu ya mgomba pia hutumika.

Mapapai huoteshwa kwa mtindo huo huo wa mifuko, ila hapa kuna sababu nyingine ya kuhamisha zaidi ya mche mmoja. Mpapai uliotokana na mbegu haujulikani iwapo ni dume au jike hadi utoe maua. Mkulima anayetia miche mitatu katika shimo moja, kisha kung'oa madume yanapojitambulisha, hufanya vyema kuliko anayetia mmoja na kusubiri bahati.

Kuhusu mahindi, ni nadra mkulima wa Kenya kufikiria kitalu. Hata hivyo, kuna mazoea ya kung'oa miche katika mashimo yaliyosongamana na kuziba nayo mapengo. Mche kama huo hubaki nyuma, hufunikwa kivuli na wenzake na mwishowe hutoa gunzi dogo lenye punje za kuhesabika. Pengo hilo lingezibwa kwa maharagwe, mkulima angalau angepata mboga.

Mfano unaodhihirisha vyema uzito wa umri wa mche unapatikana katika mashamba ya mpunga ya Mwea, kaunti ya Kirinyaga. Kwa miaka mingi wakulima huko wamekuwa wakihamisha miche yenye umri wa wiki tatu hadi nne, mitatu au zaidi katika kila shimo, ndani ya maji yaliyotuama. Mwaka 2009, mfumo tofauti ulianza kujaribiwa huko, watafiti wa Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta (JKUAT) wakiwa miongoni mwa walioueneza. Chini ya mfumo huo unaofahamika kama SRI, mche huhamishwa ukiwa na umri wa siku nane hadi 15 tu, mmoja mmoja, kwa nafasi ya takriban sentimita 25, na shamba huachwa likauke kidogo kabla ya kutiwa maji tena.

Asili ya mfumo huo ni Madagascar, ambako kasisi Mfaransa, Henri de Laulanié, aligundua mwaka 1983 kwamba miche iliyohamishwa mapema kuliko ilivyokuwa desturi ilitoa machipukizi mengi ajabu. Sababu yake ni ile ile ya saa ya mmea. Mche wa mpunga ukihamishwa kabla ya jani la nne kuchomoza, huendelea kana kwamba haukuguswa. Ukicheleweshwa, baadhi ya machipukizi ambayo yangezaa masuke hayatokei kamwe. Mpunga, basi, hauchukii kuhamishwa. Unachukia kuhamishwa ukiwa umechelewa.

Kwa wenye ndoo na mikebe, hoja nyingine huingia. Yaonekana ni busara kuotesha mbegu ya nyanya moja kwa moja katika ndoo ya lita 20, kwa kuwa hapatakuwa na mshtuko wa kuhamishwa. Tatizo ni maji. Mche mdogo hauwezi kunywa maji ya ndoo nzima; udongo hubaki umeloa kwa siku nyingi, hewa hukosekana na mizizi huoza. Ndiyo sababu wengi huanza na kikombe kidogo. Anayeamua kuanza na ndoo kubwa anapaswa kuitoboa mashimo chini, kuchanganya udongo na mboji pamoja na mchanga, na kumwagia maji kwenye duara dogo tu kuzunguka mche, akilipanua kadri majani yanavyoongezeka. Akifanya hivyo, mmea wake hautapoteza hata siku moja.

Kuna hatari moja ya miche ambayo huzungumziwa kwa nadra, nayo ni magonjwa. Udongo unaofuata mizizi huweza kubeba bakteria wa mnyauko au minyoo wa mizizi hadi shamba ambalo halikuwa nao, na mnyauko ukishaingia shambani, nyanya, viazi na biringanya huwa mashakani kwa miaka. Miche inapaswa kutoka katika kitalu ambacho mwenyewe anaweza kueleza udongo wake umetoka wapi na mbegu zilinunuliwa wapi. Ile inayouzwa kando ya barabara ikiwa imefungwa mafungu kwa kamba za migomba haina maelezo hayo.

Anayepandikiza anaweza kupunguza hasara kwa hatua ambazo hazigharimu chochote. Katika siku saba hadi kumi za mwisho, maji ya kitalu hupunguzwa na kivuli huondolewa kidogo kidogo ili mche uzoee jua. Saa chache kabla ya kung'oa, kitalu humwagiliwa kwa wingi ili udongo ushikamane na mizizi. Kazi yenyewe hufanywa jioni au siku ya mawingu, na mche hutiwa maji papo hapo. Mbolea kali ya dukani haipaswi kugusa mizizi iliyojeruhiwa. Huchanganywa na udongo kwanza.

Bustani za magunia, zilizoenea Kibera na mitaa mingine ya Nairobi baada ya 2008, zimelipatia suala hili jibu la vitendo. Matundu ya ubavuni mwa gunia hayawezi kushika mbegu, kwani maji huikokota na kuimwaga nje. Humo hutiwa miche ya sukuma wiki iliyokwisha kukomaa kitaluni, mzizi ukielekezwa ndani na chini. Juu ya gunia, palipo tambarare, hunyunyizwa mbegu za dhania, kisha hufunikwa kwa udongo mwembamba na kuachwa hapo hapo hadi siku ya kuvunwa.