Mrija Unaofika Moyoni

Wazee wengi wakilazwa kwenye kitanda chetu huniuliza: "Mwanangu, mnanipasua kifua?" Mimi ni muuguzi wa chumba cha katheta, nami hujibu: "Hapana, baba. Tunapita mkononi."

Katheta ni mrija laini wenye unene wa milimita 2 hivi. Daktari hutia ganzi kwenye kifundo cha mkono au kinena, huchoma ateri kwa sindano, kisha huingiza waya na kupitishia mrija juu yake. Ukianzia mkononi, hupanda hadi begani, huingia aota, mshipa mkuu utokao moyoni, na kufika kwenye milango ya mishipa ya korona inayoulisha moyo wenyewe. Hapo humiminwa dawa inayoifanya mishipa ionekane kwenye eksirei. Penye kizuizi hupulizwa kiputo, na mara nyingi huachwa stenti, kijibomba cha wavu wa chuma, ili njia isizibe tena. Mgonjwa yu macho, tunaongea naye; mrija ukipita ndani, kwa kawaida hausikii.

Aliyethubutu kuonyesha njia hii ni daktari kijana wa Ujerumani, Werner Forssmann. Mwaka 1929, mjini Eberswalde, alijiingizia mrija wa sentimita 65 kwenye vena ya mkono wake wa kushoto, akateremka kwa miguu hadi chumba cha eksirei, akapigwa picha: ncha imefika moyoni. Wakubwa wake hawakumshangilia. Akaishia kutibu njia ya mkojo. Mwaka 1956 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na André Cournand na Dickinson Richards. Kiputo cha kuzibua mishipa ya korona kilitumiwa na Andreas Grüntzig mjini Zürich mwaka 1977. Leo kazi hii hufanyika hata Dar es Salaam, katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete.

Hatari zipo: kutokwa damu, mzio, figo kuathirika, na kwa nadra kiharusi. Lakini mimi naogopa zaidi mgonjwa mwenye siri. Yupo anayenyamazia dawa ya kuyeyusha damu, mwingine figo zake, mwingine miti shamba aliyokunywa jana. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Tuambie yote kabla hujapanda kitandani. Na ukiwekewa stenti, usiache dawa za kuzuia damu kuganda mpaka daktari wako aseme, hata ukijiona mzima.