Kukadiria Ukubwa wa Inveta katika Vituo vya Afya Visivyo na Gridi: Mfano wa Arua na Koboko

Kwa miaka mingi kanda ya West Nile haikuunganishwa na gridi ya taifa ya Uganda. Mji wa Arua ulitegemea jenereta za mafuta, kisha mwaka 2012 ukaongezwa mtambo wa maji wa Nyagak wenye uwezo wa megawati 3.5. Kwa vijiji vilivyo mbali na nyaya, kutoka Arua hadi Koboko, umeme wa jua ni tegemeo la karibu zaidi. Makala hii inajadili sehemu moja ya mfumo huo: inveta, inayogeuza mkondo mnyoofu wa betri kuwa mkondo geu wa volti 240. Hoja yetu ni kwamba ukubwa wake huamuliwa na vifaa vinavyotumika kwa pamoja na jinsi vinavyoanza kufanya kazi, wala si kwa idadi ya paneli.

Tuchukue kituo cha afya cha kubuni chenye taa (wati 90), kompyuta mbili (130), hadubini (30), jokofu la maabara (150) na mashine ya kuzalisha oksijeni (350). Jumla ni wati 750. Tukiongeza akiba ya asilimia 25 tunapata takriban wati 940. Kwa kuwa mota huvuta mkondo mwingi kuliko kazi inayofanyika, wati hizo hugawanywa kwa 0.8, na jibu ni takriban volti-ampea 1,170. Inveta ya volti-ampea 1,500, yenye wati 1,200 za kudumu, inatosha.

Hata hivyo, hesabu hiyo haijakamilika. Mota inapoanza kuzunguka huvuta nguvu maradufu kwa muda mfupi. Tukikadiria mara sita kwa jokofu na mara tatu kwa mashine ya oksijeni, vyote vikianza pamoja huku vifaa vingine vikitumika, mahitaji hufikia wati 2,200. Inveta isiyomudu kilele hicho hujizima, na mgonjwa anayepumua kwa msaada wa mashine ndiye anayeumia kwanza.

Kununua inveta kubwa kupita kiasi si suluhisho. Inveta hutumia umeme hata pasipo mzigo. Inayotumia wati 50 hula wati-saa 1,200 kwa siku; inayotumia wati 12 hula 288 tu. Tofauti hiyo ya wati-saa 912 ingeendesha mashine ya oksijeni kwa zaidi ya saa mbili na nusu.

Volti ya betri nayo ina uzito. Wati 1,200, kwa ufanisi wa asilimia 90, huvuta takriban ampea 111 kwenye volti 12, lakini 56 tu kwenye volti 24. Nyaya huwa nyembamba na joto hupungua.

Kwa hiyo tunapendekeza kila zabuni itaje mambo manne: wati za kudumu katika joto la nyuzi 40 za Selsiasi, wati za kilele na muda wake, matumizi pasipo mzigo, na umbo la wimbi linalofaa mota, yaani wimbi safi la saini. Birika na pasi zisiunganishwe kabisa. Neno “kilowati tano” peke yake halimhakikishii mgonjwa pumzi ya usiku.